Mfupa umeshaunga, mbona kifundo cha mguu bado kinauma?

Mchumaji wa Mtambwe aliuliza:

Assalamu alaykum, ndugu zangu.

Naomba nilieleze jambo langu kwa urefu kidogo, kwa sababu kila nikilieleza kwa ufupi hupewa jibu la ufupi, na majibu ya namna hiyo nimekwisha kuyakusanya ya kutosha.

Msimu uliopita wa karafuu, nikiwa juu ya mkarafuu wa marehemu babu yetu huku Mtambwe, tawi nililolikanyaga lilikatika. Wanaoujua mti huu wanaelewa kwamba tawi lake halitoi ilani, huvunjika papo hapo kama kijiti kikavu. Nilianguka kiasi cha mita nne, pakacha likiwa bado begani, nikafikia kwa mguu wa kushoto juu ya mzizi. Picha ya eksirei ilionesha kuwa mfupa mwembamba wa upande wa nje umevunjika karibu na kifundo, bila ya kuhama mahali pake, nikafungwa hogo, yaani plasta ngumu, kwa wiki sita. Lilipofunguliwa nilipigwa picha ya pili, nikaambiwa kwamba mfupa umeunga vizuri, nikapewa vidonge, nikaambiwa niende nyumbani nikaanze kutembea. Nitembee vipi, na hadi wapi, hakuna aliyenieleza.

Sasa umepita mwezi wa nane tangu nianguke. Asubuhi, hatua kumi za mwanzo huwa kama natembea juu ya changarawe. Kupanda ngazi naweza, lakini kushuka inanibidi nishuke kwa ubavu kama kaa. Linalonihuzunisha zaidi ni sala. Katika kikao cha tahiyatu mguu wa kushoto ndio unaolazwa na kukaliwa, na kifundo changu hakikubali hata kidogo, hivyo nasali juu ya kiti pembeni mwa safu, mtu wa miaka 34 katikati ya wazee wa miaka 70. Jengine ambalo naona haya kulitaja ni kwamba majuzi nilipita chini ya mkarafuu ule ule, sikupanda wala sikuugusa, na kifundo kikaanza kupwita mpaka nikakaa chini.

Ami yangu ananiambia nikipumzishe kwa sababu maumivu ni mwili unaosema basi. Fundi wa kukanda, ambaye namheshimu kwa kuwa alimkanda hata baba yangu, anasema kuna mshipa umelala vibaya, na kila Ijumaa hukikanda kwa mafuta ya nazi na ya karafuu mpaka machozi yananitoka. Binamu yangu aliyeko Unguja anasema mfupa umepona na kilichobaki ni mawazo yangu tu. Mimi mwenyewe nameza diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu, asubuhi na jioni tangu hogo lifunguliwe, nazinunua dukani.

Maswali yangu ni mawili. Je, kila kinapouma ni ishara kwamba naendelea kukiharibu? Na je, msimu ujao nipande, au nikubali kwamba kazi hii imekwisha kwangu?

Bi Mtibaviungo, Unguja, alijibu:

Wa alaykumu ssalaam, kaka yangu, na pole sana. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, kazi ambayo hospitali zetu siku hizi huiweka chini ya huduma za utengamao. Sijakuona wala sijaushika mguu wako, kwa hiyo nitakayoyasema yakusaidie kuelewa na kuuliza, na yasichukue nafasi ya kupimwa.

Nianze na dawa, kwa sababu hilo halingojei. Diklofenaki ni dawa nzuri kwa siku chache. Kuimeza mara mbili kwa siku kwa zaidi ya miezi sita bila ya usimamizi wa daktari kunaweza kuleta vidonda vya tumbo, ambavyo wakati mwengine hutoka damu bila ya kuuma kwanza, kunaweza kuzidhuru figo, na kunapandisha shinikizo la damu. Nenda kapimwe figo na shinikizo wiki hii, na ukiona choo cheusi kama lami usisubiri hata kesho. Kama daktari atakuhamishia kwenye panadoli, kumbuka kwamba mtu mzima mwenye ini zima hatakiwi kupita gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina panadoli ndani yake.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Mwaka 2020 Chama cha Kimataifa cha Uchunguzi wa Maumivu kilirekebisha maelezo yake ya maumivu ni nini, na ukiyasoma utaona wameyaita hali inayohisiwa, ya mwili na ya moyo kwa pamoja, inayohusishwa na kudhurika kwa mwili au inayofanana na hiyo. Maneno hayo ya mwisho yaliwekwa kwa makusudi. Yanakubali kwamba mtu anaweza kuumwa kikweli bila ya kuwepo kidonda chochote kinachoendelea kuchimbika.

Linakuwaje hilo? Kwenye ngozi, kwenye kano na juu ya ganda la mfupa kuna ncha za mishipa ya fahamu ambazo kazi yake ni kupeleka habari za hatari. Bila shaka umewahi kujikwaa kidole cha mguu kwenye kizingiti. Kwanza huja mchomo mkali unaojulikana mahali pake hasa, halafu, baada ya nafasi ndogo ambayo mtu huipata kusema "ah!", huja uchungu mzito unaotambaa. Mchomo ule husafirishwa na nyuzi za fahamu zinazokwenda baina ya mita 5 na 30 kwa sekunde, na uchungu ule mzito husafirishwa na nyuzi nyembamba ambazo hazizidi mita 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayewahi boti. Lakini habari hizo zinapofika kwenye uti wa mgongo na kisha ubongoni bado hazijawa maumivu. Ubongo huzipima pamoja na mambo mengine unayoyajua: mahali ulipo, lililokupata zamani, kama una hofu, kama umelala usiku au hukulala. Ndipo unapoamua kama kengele ilie, na kwa sauti gani.

Na kengele hiyo hubadilika kwa matumizi. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionesha kwa wanyama kwamba baada ya jeraha, seli za uti wa mgongo zenyewe huanza kuitikia kwa urahisi zaidi kuliko kabla, hata mguso mdogo ukapokelewa kama jambo kubwa. Kwa siku za mwanzo huu ni msaada, kwa sababu ndio unaokufanya usikikanyage kifundo kilichovunjika. Kwa watu wengi hali hiyo hupoa kadiri jeraha linavyopona. Kwa baadhi haipoi kwa wakati, na ndiyo maana sisi hutumia mpaka wa miezi mitatu: maumivu yanayopita hapo huitwa sugu, na huwa hayatuambii tena kwa uaminifu hali ya mfupa ikoje.

Mfupa wako, kwa maelezo uliyoyatoa, umefanya kazi yake. Damu iliganda mahali palipovunjika, likajengeka fundo laini la gegedu, likageuka kuwa mfupa mchanga, na sasa mwili unaendelea kulichonga fundo hilo taratibu, kazi ambayo huchukua miezi mingi na hata miaka bila ya wewe kuihisi. Ila mguu si mfupa peke yake. Ndani ya hogo, wiki sita, misuli ya shavu la mguu hukonda, na hukonda mapema kuliko watu wanavyodhani. Mfuko unaokizunguka kiungo hukakamaa. Kano husahau kubeba uzito. Hogo lilipofunguliwa ulitakiwa uanze upya kama mtoto anayejifunza kusimama, nawe ulipewa vidonge. Nasema hivi nikijua kwamba sisi wenye kazi hii ni wachache na tumejikusanya zaidi mijini.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba kuumwa na kudhurika ni vitu viwili, na kwa mwezi wa nane katika mfupa uliounga, uwezekano mkubwa ni kwamba kifundo chako ni dhaifu, kigumu na chenye kengele kali, wala hakiharibiki. Ami yako ana haki kuhusu wiki ya kwanza. Kuhusu mwezi wa nane, kupumzika ndiko kunakokizidishia udhaifu.

Fanya vipimo viwili nyumbani, ili ukienda kwa mtaalamu uwe na la kumwambia. Simama uelekee ukuta, kisigino chini, ukunje goti mpaka liguse ukuta, halafu urudishe mguu nyuma kidogo kidogo mpaka ufike mahali ambapo kisigino kinataka kunyanyuka. Pima kwa rula kutoka dole gumba hadi ukutani, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Kipimo cha pili, simama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika ukuta kwa vidole viwili, unyanyuke juu ya ncha ya mguu na kushuka, uhesabu mara ngapi unaweza kabla ya kuchoka. Mguu wako mzima ndio kipimo chako, usijilinganishe na mtu mwengine.

Mazoezi yenyewe yatatokana na vipimo hivyo. Nyumba nyingi kwetu zina baraza, na baraza ni chombo cha mazoezi ambacho hakuna hospitali inayokiuza. Weka nusu ya mbele ya miguu yote miwili kwenye ukingo wa baraza ya chini, visigino vikining'inia, ushushe visigino polepole kwa kuhesabu hadi tatu, kisha unyanyuke. Anza na mara 8, upumzike, urudie mara tatu, siku moja ufanye na siku moja uache. Wiki zinavyokwenda ndivyo utakavyouhamishia mguu wa kushoto uzito zaidi.

Utauliza, na ikiuma? Itauma. Ukiipa maumivu alama kutoka 0 hadi 10, nakuruhusu hadi 3 au 4 wakati wa zoezi, kwa sharti moja: kesho yake wakati kama huo yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakiwa yamezidi, au kifundo kikavimba, hukujiua, umezidisha tu kiasi, kwa hiyo punguza na uendelee. Kosa ninaloliona sana kwa wanaume wa umri wako ni kulima shamba zima siku kinapotulia, kisha kulala siku tatu. Bora kidogo kila siku ya zoezi, kwa kipimo kile kile, ukiongeza kwa hesabu na wala si kwa furaha.

Kuhusu tahiyatu, hukumu ya kusali juu ya kiti muulize shekhe wako. Mimi nitasema la kiungo tu. Kikao kile kinahitaji unyayo unyooke mpaka mwisho huku umebebeshwa uzito wa mwili, jambo ambalo kifundo kilichotoka kwenye hogo hulichelewesha kuliko yote. Baada ya sala ya Isha, nyumbani, piga magoti kitandani au juu ya godoro, uweke mto mnene baina ya makalio na visigino, ukae kwa pumzi tano. Ukizoea, badilisha mto mnene kwa shuka iliyokunjwa, kisha punguza mikunjo. Nimewaona watu wakifika chini kwa wiki kumi, na nimemuona mmoja aliyechukua mwaka.

Maalim Mstaafu, Chake Chake, alijibu:

Bi Mtibaviungo ameeleza vizuri, nami naongeza mawili niliyoyaona kwa macho yangu.

Miaka mingi nyuma nilikuwa miongoni mwa vijana wa mchezo wa ng'ombe. Siku moja, ng'ombe alipogeuka ghafla, nilikimbia, nikaruka kitalu cha mihogo, nikacheza mpaka magharibi, nikarudi nyumbani nikicheka. Mke wangu ndiye aliyeniuliza kwa nini kiatu changu kina damu. Nilipokivua, kucha ya dole gumba ilikuwa imesimama wima kama mlango ulioachwa wazi. Papo hapo ikaanza kuuma kiasi kwamba sikulala. Swali ambalo sikuwahi kulipatia jibu mpaka nilipokuwa mtu mzima ni hili: baina ya saa kumi na magharibi, maumivu yalikuwa wapi? Kucha ilikuwa imekwisha kung'oka. Baadaye nilisoma habari za daktari wa Kimarekani, Henry Beecher, ambaye mwaka 1944 alikuwa akiwatibu askari wa vita waliojeruhiwa huko Italia, na akastaajabu kwamba wengi wao, wenye majeraha makubwa kuliko ya kucha, walipoulizwa kama wanataka dawa ya maumivu walisema hawaitaki. Kwao jeraha lilikuwa na maana ya kutoka vitani wakiwa hai.

La pili ni kinyume chake. Mwalimu mwenzangu, Mungu amrehemu, alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Mguu ulizikwa, kama ilivyo desturi yetu, na mimi nilikuwepo. Wiki ya tatu nilimkuta ameinama anakuna hewa pale palipokuwa pana kidole chake kidogo, akaniambia, "Maalim, kinawasha, na kisigino kinauma kama kimechomwa msumari." Nilidhani amepotewa na akili. Kumbe jambo hili linajulikana zamani sana. Daktari wa upasuaji wa Kifaransa Ambroise Paré aliliandika katika karne ya 16, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Silas Weir Mitchell akaliandika tena kwa wale waliokatwa viungo. Mguu umo kaburini na bado unauma. Mwenzangu hakuwa mwongo wala hakuwa mwendawazimu, na wewe, kijana, kifundo chako kupwita chini ya mkarafuu ule usikionee haya. Mwili umekumbuka mahali.

Mkulima wa Mwani, Jambiani, alijibu:

Nimesoma maelezo yote kwa makini, na nakiri kwamba yamenifumbua macho. Hata hivyo kuna jambo linanipa wasiwasi, nalo nalisema kwa heshima. Maneno haya ya kengele na ubongo yakishuka kutoka kwa mtaalamu mpaka kwa binamu wa Unguja, hufika yakiwa "ni mawazo yako tu".

Mimi niliteleza wakati wa maji kupwa, nikiwa nimebeba mwani mbichi kichwani, nikajizuia kwa kiganja cha mkono wa kulia juu ya jiwe. Nilipigwa picha siku ile ile, nikaambiwa hakuna kilichovunjika, ni kuteguka tu. Kwa miezi mitano nilikuwa nikifunga vitawi vya mwani kwenye kamba huku mkono ukiniuma upande wa dole gumba, na kila niliporudi kulalamika niliambiwa picha ni safi, nisijiendekeze. Nilifika mahali nikaanza kuamini kwamba mimi ni mvivu. Mwezi wa sita, daktari mwengine, katika hospitali nyengine, alibonyeza kwa kidole kimoja kwenye kishimo kinachotokea nyuma ya dole gumba ukilinyanyua, nikaruka. Akaagiza picha mpya. Kumbe ni mfupa mdogo wenye umbo kama la korosho ndani ya kifundo cha mkono, ulikuwa umevunjika tangu siku ile na haukuunga. Alinieleza kwamba mfupa huo mara nyingi hauonekani kuwa umevunjika kwenye picha ya siku za mwanzo, na kwamba damu huingia ndani yake kutokea upande mmoja zaidi, hivyo sehemu ya pili hubaki na njaa. Hospitali ya kwanza siitaji, kwa sababu sitaki ugomvi, nataka tahadhari.

Kwa hiyo, kaka yangu wa Mtambwe, kabla ya kukubali kwamba ni kengele, hakikisha kwanza kwamba hakuna moto.

Bi Mtibaviungo alijibu tena:

Dada yangu wa Jambiani, umenirekebisha mahali panapostahili, na nakushukuru. Mfupa huo tunaujua sana kwa hila hiyo, na mtu akiangukia kiganja na kuumia katika kile kishimo, sahihi ni kumfunga kama aliyevunjika na kumpiga picha tena baada ya siku 10 hadi 14, hata kama picha ya kwanza ni safi. Nilitakiwa nianze na hilo.

Basi niyataje ambayo yangenifanya nisiseme neno la kengele kabisa kwa mtu mwenye jeraha la zamani: homa na ngozi iliyo moto, maumivu yanayomuamsha usiku kila siku bila ya kujali amelalaje, akiwa pia anakonda, ganzi au udhaifu unaozidi, kiungo kinachokwama kisiende mbele wala nyuma, shavu la mguu lililovimba na kuuma ghafla, khasa baada ya kufungwa hogo, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa, na kwa mwenye mgongo, ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kuzuia haja. Kwa kifundo cha mguu naongeza pia mpasuko mdogo wa gegedu ndani ya kiungo, ambao eksirei inaweza isiuoneshe. Na ipo hali moja ambapo mguu au mkono baada ya hogo huvimba, hubadilika rangi, hutoa jasho upande mmoja, na hata shuka ikiugusa mtu hulia. Hiyo ni maradhi yenye jina lake na matibabu yake, yakiwahiwa, na mgonjwa asikubali kuambiwa ni mawazo.

Kuhusu fundi wa kukanda sitaki kumdharau. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa hoja kwamba ndani ya uti wa mgongo pana kitu mfano wa lango, na kwamba mguso wa kawaida wa ngozi unaweza kulipunguzia lango hilo nafasi ya kupitisha habari za maumivu. Mama anaposugua goti la mtoto aliyeanguka, analifunga lango hilo, na fundi mwenye mkono mwepesi hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini hakuna mshipa uliolala vibaya katika kifundo chako unaosubiri kupangwa, na kukandwa mpaka kulia kila Ijumaa ni kuitikisa kengele ambayo tayari ni kali. Mwambie kwa adabu akande polepole, au aache. Na kwa wasomaji wengine: mfupa mbichi uliovunjika usikandwe kabisa, wala kiwiko kilichoumia karibuni, kwa sababu misuli iliyochubuka pale ikikandwa kwa nguvu inaweza kujenga mfupa ndani yake.

Swali la kupanda nitalijibu baada ya kujua vipimo.

Mchumaji wa Mtambwe alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimechelewa wiki tatu kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Daktari ameukagua mguu, akaubonyeza kila mahali ambapo dada wa Jambiani angetaka ubonyezwe, na ikapigwa picha mpya. Mfupa uko imara, kiungo hakikwami, hakuna homa wala uvimbe. Figo ziko salama. Shinikizo lilikuwa juu kidogo, diklofenaki imesimamishwa, na siku nne za mwanzo bila ya dawa zilikuwa ngumu, kisha zikawa za kawaida.

Vipimo ni hivi: mguu wa kulia sentimita 11 kutoka ukutani, wa kushoto 4. Kunyanyuka juu ya ncha ya mguu, wa kulia mara 22, wa kushoto mara 3, na ya tatu nilidanganya kwa kujivuta na mkono. Nilipomuonesha binamu yangu karatasi hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe huo mguu haujaanza kazi." Ni maneno ya maana kuliko yote aliyonipa tangu nianguke.

Mazoezi ya baraza nimeshayafanya mara kumi. Siku ya pili nilizidisha, nikaumwa hadi 6, nikapunguza kama nilivyoelekezwa, na kesho yake sikukufa. Fundi wangu amekubali kukanda kwa mkono mwepesi, ingawa anaamini kwamba bado nitarudi kumuomba aukaze. Mto wa tahiyatu bado ni ule mnene.

Bi Mtibaviungo alijibu:

Hongera kwa kutuambia hata ile ya tatu uliyodanganya.

Kwa namba hizo, msimu huu usipande. Sikukatazi kwa sababu ya maumivu. Nakukataza kwa sababu mguu unaoweza kunyanyuka mara mbili hauwezi kukusimamisha kwenye tawi linapotikisika, na mkarafuu hauna subira. Ukifika sentimita 9 ukutani, ukanyanyuka mara 18 au zaidi, na ukaweza kuruka kwa mguu huo mmoja mbele na nyuma bila ya kuogopa kutua, tuzungumze tena habari ya ngazi na matawi ya chini.

Lakini shambani nenda. Kaa chini ya mti huo huo, siku ya kwanza dakika tano, uchambue karafuu na kuzitenga na makonyo yake huku wenzako wakichuma juu. Kifundo kikipwita, kiache kipwite, uendelee kuchambua. Siku ya pili ongeza dakika. Ukizoea, simama, uuguse mti, uvute tawi la chini kwa kigoe.

Mchumaji wa Mtambwe alijibu:

Nimekuelewa, dada yangu. Ami yangu amenipa kazi ya jamvi la kuanikia, ambalo limetandazwa hatua ishirini kutoka kwenye mkarafuu ule. Jana nilipimiwa pishi nne za kuchambua, nikamaliza tatu. Kilipwita kwenye pishi ya kwanza, ya pili nikawa nasikiliza redio na sikumbuki kama kilipwita au hakikupwita.